Kilio Katika Wimbo wa Saba

Migori
Jumapili, 12 Januari 2025

Mama,

Habari za siku nyingi? Natumai presha imetulia na dawa unameza kila asubuhi, si mpaka Metrine akukumbushe. Mimi ni mzima. Mvua imekataa kabisa huku, na vumbi la barabara ya Isebania linaingia hadi kwenye sufuria ya ugali. Jirani yangu Liz amejifungua mtoto wa kike, wamemwita Pamela. Usijivune, ni jina la nyanya yake. Mwambie Metrine kitambaa alichoniagiza nimekipata, nitampa Osoro akija kuuza omena wiki ijayo. Achieng' mpige busu, mwambie ni la shangazi yake.

Sasa habari yenyewe. Najua wewe simu ni ya kuambiana nani amefika na nani amekufa, na mengine yote lazima yaandikwe. Basi naandika. Mama, albamu imetoka! Nyimbo tisa. Tulirekodi ngoma na gitaa hapa hapa Migori, katika ile stoo nyuma ya kinu cha unga, tukisubiri mashine zizimwe ndipo tuanze. Kuimba tulimalizia Nairobi. Tumeiita Futi Tisini. Boaz amepiga ngoma mpaka hata wewe usingesema ni mtu anapiga mabati.

Na wahakiki wametusifu. Nimekukatia kipande cha gazeti, kiko ndani ya bahasha. Mwandishi anasema Kokoto ni bendi ya kwanza ya roki kutoka upande wetu kusikika nchi nzima, na kwamba tumeacha kuiga Wazungu. Ametupa nyota nne kati ya tano! Niliisoma nikiwa sokoni, nikasahau hata nilichoenda kununua.

Usijisumbue kututafuta redioni. Roki si muziki wako, utaumwa kichwa bure. Soma gazeti tu, linatosha.

Binti yako,
Lynnet


Sindo
Jumapili, 2 Februari 2025

Mwanangu Lynnet,

Nimepata barua yako na kitambaa cha Metrine. Asante. Sisi hatujambo. Achieng' ameanza shule ya chekechea, siku ya kwanza alilia, siku ya pili alimng'ata mwenzake, sasa wamezoeana. Presha ni ile ile. Ziwa limetulia na omena ni nyingi, mpaka tumekosa pa kuanika.

Nimesoma gazeti. Kijana anaandika vizuri ila hapumziki, sentensi moja mistari saba. Ningemrudishia daftari.

Uliniambia nisitafute redioni. Sikutafuta, redio ndiyo iliyonitafuta mimi. Jumanne Metrine alikuwa akiteka maji na mimi nikigeuza omena kwenye turubai, redio ikiwa dirishani. Mtangazaji akasema huu ni wimbo wa saba wa albamu ya Kokoto, unaitwa Viatu. Nikafurahi, nikamwita Metrine aje amsikie wifi yake. Ukaimba. Katikati gitaa likanyamaza, na mwanamke akapiga nduru.

Metrine akaniangalia. Akasema, "Mama, si hiyo ni sauti yako?"

Nilikaa chini pale pale juu ya omena. Ni sauti yangu, Lynnet. Ni siku niliyoingia kwenye lango la mama yangu Karungu, mwaka wa 2019, alipokuwa amelazwa sebuleni akingoja kuzikwa. Namkumbuka ndugu yako Cephas amesimama kando ameinua simu, nikamkaripia, akasema anaweka kumbukumbu tu. Nilimlilia mama yangu jinsi binti anavyopaswa kumlilia mama. Sasa kilio kile kimo katika wimbo wa mtu asiyerudi. Na kila mtu Sindo anajua bendi ile ni ya nani, na ni nani wa nyumba hii ambaye hayuko.

Nilikulea mjini, kati ya Wakuria na Wakisii na Waluhya, ukakua na Kiswahili. Lakini hili unalijua. Kwetu mtu aliye hai hapigiwi nduru. Ukimpigia umemwita kaburini. Ndugu yako yuko Tarime, ng'ambo ya mpaka, ni wewe mwenyewe uliyeniambia. Sasa wanawake wanapita hapa kunipa pole, na sijui niwajibu nini.

Toa sauti yangu humo. Na unitumie maneno ya wimbo huo, yote, kwa mkono wako. Redio inameza maneno.

Mama yako


Migori
Jumapili, 23 Februari 2025

Mama,

Pole. Pole sana. Pole kwa Metrine pia. Ningepaswa kukuuliza kwanza, najua, usiniambie tena.

Huku tuko salama. Mvua imenyesha mara moja ikajuta. Liz anakusalimu, mtoto ananenepa.

Mama, wimbo ni sanaa tu. Si tangazo la kifo. Wahakiki wenyewe wameelewa hivyo, nimekuwekea wanne humu, mbali na yule wa kwanza. Soma yule wa jarida la chuo, anasema viatu ni ishara ya vijana wa nchi hii wanaoondoka wakiacha kila kitu nyuma. Wa redio anasema mwanamke anayelia ni nchi yenyewe. Yule wa gazeti la Jumapili anasema hajasikia sauti kama hiyo katika muziki wetu, na anauliza ni nani. Wanakuuliza wewe, Mama! Kuna mmoja tu aliyetuponda, wa nyota mbili. Anasema kilio kimebandikwa, hakikuzaliwa na wimbo huo. Boaz alitaka kumjibu mtandaoni, nikamzuia.

Kukitoa ni vigumu. Albamu imeshasambazwa, na Aprili tunapiga Kisumu, watu wanauomba wimbo huo kuliko nyingine zote. Cephas alipenda sana sauti yako, unajua. Yeye ndiye aliyeipa bendi jina, yeye ndiye mpiga ngoma wetu wa kwanza. Nilitaka awemo kwa namna fulani.

Maneno haya hapa:

Viatu vyako vimebaki juu,
kamba imelegea, futi tisini.
Ulisema utarudi saa nne.
Saa nne imekuja peke yake.

Ubeti wa pili ni huo huo ila tunaongeza sauti. Halafu ndipo unaingia wewe.

Usikasirike sana, presha itapanda.

Lynnet


Sindo
Jumapili, 16 Machi 2025

Lynnet,

Hatujambo. Achieng' alikuwa na homa, imeisha.

Nimewasoma wahakiki wako wote, mara mbili, na kalamu nyekundu mkononi. Miaka thelathini na moja nimesahihisha insha, mkono umezoea. Wa chuo anajua maneno mengi kuliko mambo. Wa redio nchi yake ina kazi nyingi, acha isilie kwa niaba yangu. Wa Jumapili ana moyo mzuri. Yule wa nyota mbili mnayemchukia ndiye pekee niliyempa alama za juu. Ana masikio. Kilio kile hakikuzaliwa na wimbo huo, ni kweli kabisa, na ameambiwa na masikio yake peke yake, kwa maana hakuna aliyemwambia.

Halafu nimesoma maneno yako. Wote hao wanasema viatu ni ishara. Mimi nakuuliza, Lynnet: viatu gani?

Mtu aliyevuka kwenda Tarime amevuka na viatu. Wanaoacha viatu juu ni wale wa mashimo ya dhahabu ya Nyatike, huvivua wakashuka peku ili mguu ushike ukuta. Na futi tisini ni nani aliyekupimia? Na saa nne, Cephas alimwambia nani kwamba atarudi saa nne?

Shimo la huko Nyatike, alikokuwa akichimba Cephas, lilipoanguka Oktoba 2022 nilikupigia simu kabla hata redio haijamaliza kutangaza. Ukaniambia nitulie, Cephas aliondoka Nyatike siku mbili kabla. Ukaniambia Nyamhanga, dereva wa lori, amemwona Tarime akiwa mzima, akitafuta kazi katika machimbo ya huko. Nikapiga magoti nikamshukuru Mungu. Waliofukiwa walikuwa saba, wakatolewa watano, wawili wakabaki humo bila majina kwa sababu hapakuwa na daftari. Niliwaombea wale wawili. Niliwaombea mama zao.

Nimekwenda Sirare mara mbili na picha yake. Mara ya pili ulinisindikiza mpaka Isebania, ukaninunulia soda, ukaniambia nisitembee sana juani.

Metrine ana miaka ishirini na saba. Kila nikimwona ameketi kimya namwambia ngoja, mume wako yu hai. Ananisikiliza kwa sababu mimi ni mama mkwe wake. Nimekuwa nikimwambia nini?

Nijibu hilo la viatu. Mengine sitaki.

Mama yako


Sindo
Jumapili, 27 Aprili 2025

Lynnet,

Osoro amepita hapa mara tatu mikono mitupu. Mara ya mwisho hakunitazama usoni, akajifanya anapima omena. Nasikia Kisumu mlipiga na watu wakajaa. Hongera.

Simu yako nimeiona ikilia. Sikuishika na sitaishika. Kwenye simu utalia, na ukilia nitakubembeleza, na nikikubembeleza hutasema. Nakujua tangu ukiwa na meno ya maziwa. Andika.

Nimemngoja ndugu yako miaka miwili na nusu. Usiniweke foleni mbili.

Mama yako


Migori
Jumapili, 18 Mei 2025

Mama yangu,

Nimeanza barua hii mara nyingi, nikaichana. Leo sitasalimu kwa urefu. Niko mzima, natumai nyinyi pia.

Ni viatu vya Cephas. Vile vyeusi vya turubai, cha kushoto kimeshonwa na uzi wa bluu. Ninavyo hapa, ndani ya sanduku chini ya kitanda.

Nitakuambia kwa mpangilio, kama ulivyotufundisha. Uliniuliza mara nyingi kwa nini Cephas aliacha bendi, nikasema tulichoka. Si kweli. Tuligombana kwa ajili yako. Alikuwa ametunga wimbo juu ya kifo cha nyanya na akataka kuweka kilio chako ndani. Mimi nikasema sauti ya Mama si ya kuchezewa jukwaani. Alisema sielewi muziki. Nilimwambia aondoke basi, akaondoka, akaenda Nyatike kwenye mashimo. Mimi nikamchukua Boaz.

Siku ile alinipigia simu mapema. Alikuwa na sauti ya mtu aliyetulia. Akasema, "Lynnet, nimefikiri, una haki. Tuiache sauti ya Mama. Nirudi?" Mama, nilikuwa bado na hasira. Nikamwambia nafasi imeshajazwa, atafute maisha yake huko huko. Akasema sawa, naingia zamu, futi tisini, saa nne nitakuwa nimetoka, nitakupigia tena tuongee vizuri.

Saa nne hakupiga. Saa tano nikasikia.

Nilifika Nyatike mchana. Juu ya shimo palikuwa na jozi saba za viatu zimepangwa. Watu waliotolewa, ndugu zao walichukua vyao. Siku ya tatu zikabaki jozi mbili, na moja ilikuwa yake. Walisimamisha kuchimba kwa sababu ukuta ulikuwa unaendelea kuanguka. Nilimwambia yule aliyekuwa akiandika majina kwamba simjui mwenye viatu. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nadhani nilifikiri nikimtaja nitakuwa nimemuua mara ya pili. Halafu nikavificha ndani ya mkoba.

Uliponipigia simu ulikuwa na wiki moja tu tangu utoke hospitali. Nilisikia unavyopumua, nikasema Tarime. Nyamhanga hakuona mtu. Hata sikuwahi kumuuliza. Nilitaka siku mbili tu, upate nguvu, nikuambie. Lakini ulipiga magoti, Mama, niliisikia sakafu kwenye simu. Nikashindwa. Baadaye kila siku iliyopita ilifanya siku inayofuata kuwa ngumu zaidi. Ile siku ya Isebania nilikuacha uvuke mpaka na picha, nikaenda nyuma ya kibanda ili nisikutazame.

Kilio nilikiweka kwa sababu ndicho alichotaka yeye, na mimi nilimnyima. Nilifikiri ninamrudishia. Nilifikiri pia, niseme tu ukweli wote, kwamba nikiiimba habari hiyo mbele ya watu nitakuwa nimeikiri bila kukutazama wewe. Watu wote walisikia, na hakuna aliyesikia. Wakasema ishara. Niliposoma yale masifu nilikimbilia nje, na Boaz akadhani ni furaha.

Nimewaandikia wasambazaji kuomba wautoe wimbo. Niko tayari kuacha bendi. Niko tayari kwa lolote utakalosema, hata usiponiita tena binti yako.

Nisamehe. Mwambie Metrine anisamehe. Hapana, usimwambie, nitamwambia mwenyewe.

Lynnet


Sindo
Jumapili, 8 Juni 2025

Lynnet, nyathina, mwanangu,

Barua yako ilifika Jumatano. Niliisoma nimesimama, nikaenda mpaka ukingoni mwa maji, nikarudi, nikaisoma tena nimeketi. Baadaye nilimwita Metrine nikamsomea neno kwa neno. Ulisema utamwambia mwenyewe, lakini mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia angoje, kwa hiyo ilikuwa zamu yangu. Hakulia. Alisema, "Basi sasa najua mimi ni nani." Alikwenda kumchukua Achieng' shuleni.

Nimekukasirikia sana, na siku hizi nne sikukutumia barua kwa sababu yale niliyoandika mwanzo hayakufaa kusomwa na mtoto wangu. Umenifanya niwaombee mama za watu kumbe mmoja ni mimi. Umemwacha ndugu yako ardhini miaka miwili na nusu bila mtu hata mmoja kumwita jina. Hilo sijakusamehe, na usiniombe msamaha kwa barua tena.

Lakini hukumuua. Nisikilize vizuri hapa, soma mstari huu mara mbili. Ulimjibu ndugu yako kwa hasira asubuhi moja, kama ndugu wote wanavyojibizana, na ukuta wa udongo ukaanguka. Hayo ni mambo mawili. Umeyabeba kama jambo moja na yamekupinda mgongo. Yatue.

Baba yenu mdogo Bravin ameniletea yago jana kutoka njia ya Karungu, tunda kubwa, limekaribia urefu wa mkono wangu na zito kweli. Tulilibeba watu wawili. Unajua kazi yake. Mtu ambaye mwili wake haukupatikana, tunalaza yago kaburini mahali pake, tunalifunika na kumtaja kwa jina lake, naye anajua amerudi nyumbani. Mchungaji amekuja kuniambia hilo si jambo la Kikristo. Nimemwambia yeye aombe upande wa kichwa na Bravin asimamie upande wa miguu, kaburi ni refu, wote watatosha. Amekubali, baada ya chai.

Ni Jumamosi ya tarehe 21. Uje na viatu. Vitalazwa pamoja na yago, na uzi wake wa bluu, mimi ndiye niliyeushona.

Kuhusu wimbo, waandikie tena hao wasambazaji wauache kama ulivyo. Ndugu yako alitaka kilio kile kisikike. Ila waandike panapoandikwa majina ya waimbaji kwamba kile kilio ni cha Pamela akimlilia mama yake, Wilfrida, wa Karungu. Nyanya yenu hakuwa nchi wala ishara. Na bendi usiiache. Nani amekuambia kuacha kazi ni toba?

Ila ujue kwamba hicho mlichonacho ni kilio cha mama aliyekufa mzee, akiwa ameshiba siku zake. Kilikuwa na uchungu, na kilikuwa na shukrani pia. Ndiyo maana yule wa nyota mbili alikikataa. Cha mwanangu sijakipiga bado. Metrine ananisihi nikitoe, majirani wanakuja wanakaa nami wakingoja. Nimewaambia wote bado. Sitafungua kinywa mpaka nikuone umesimama langoni, kwa sababu nikianza peke yangu sitajua kuacha.

Kwa hiyo usichelewe, binti yangu. Njoo tumlilie.

Mama yako